Gramu Themanini

Hakuna aliyeona.
Midomo yake ilikuwa mizima, na mkunga akasema
kamili huyu, mshukuru Mungu.
Tukamwita Mbeho, kwa kuwa Julai ile
baridi ya Hombolo ilikuja kulala nasi kitandani.

Kasoro ilijificha juu, darini mwa kinywa,
mahali ambapo mama habusu wala hachungulii.

Alinyonya, akanyonya, akalia.
Maziwa yakatokea puani, membamba,
kama yanayotafuta njia ya kurudi kwangu.
Mama mkwe akakamulia tone kwenye ukucha wake,
akaliangalia likiteleza.
"Mepesi haya."
Akanipikia uji wa uwele, akanisagia karanga,
nikala kwa ajili ya wawili
akanenepa mmoja.

Wiki ya sita, zahanati.
Mizani inaning'inia kwenye kenchi,
mwanangu ndani ya kaptura ya turubai, miguu ikipwayapwaya.
Mshale ukatetemeka, ukafikiri,
ukatulia chini ya pale ulipoachwa mwezi uliopita.
Nukta kwenye kadi. Nukta ikaunganishwa na ya nyuma.
Nimeishia darasa la saba,
lakini mstari unaoshuka naujua kuusoma.

Nilitaka kumbembeleza, Sista Foibe akanizuia.
"Mwache alie."
Akawasha tochi ya simu, akachungulia,
akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyopenda.
"Njoo utazame."
Kaakaa lilikuwa limeachana katikati
kama udongo wa mbuga ya Bahi mwezi wa kumi,
na nyuma ya ufa, giza tu.
"Mrija uliotoboka hauvuti," akasema.
"Si maziwa yako."

Ufa haukuniliza.
Kilichoniliza ni yale maneno matatu.

Mkalishe wima, akanifundisha,
kama mgeni uliyemkaribisha mezani.
Kamua kwenye bakuli lililochemshwa.
Ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini,
usimimine, mwache achovye ulimi mwenyewe.
Mara nane, mchana na usiku. Nusu saa, isizidi:
mtoto akichoka, anachoma alichokula.
Kushona kutakuja, akitimiza mwaka,
akiwa na mwili wa kustahimili kisu.
Kwanza mwili.

Nyumbani nikachora mkaa ukutani, alama kwa kila mlo.
Tone, meza, pumua.
Tone, meza, pumua.
Cheusha. Futa pua. Anza tena.
Saa nane ya usiku zamu ni ya Ndahani,
mkono uliozoea mkasi wa kupogolea mizabibu.
Siku ya kwanza aliharakisha, mtoto akapaliwa,
akageuka rangi, na mimi nikapiga kelele jina ambalo si la mtu.
Tangu hapo Ndahani anasubiri.
Sijawahi kumwona akisubiri kitu hivyo,
hata mvua.

Mama mkwe hakuniomba radhi.
Ila kila alfajiri nikiamka
nakuta kikombe kimekwisha chemshwa,
kimefunikwa kwa kitambaa chake cha kanisani.

Alhamisi tukarudi.
Kaptura ya turubai. Kenchi. Mshale.
Foibe akasogeza uso, akasoma mara mbili.
"Gramu themanini," akasema, "kwa wiki nzima. Ni kidogo.
Nilitaka mara mbili yake."
Lakini kalamu yake ilipanda.
Niliiona kwa macho yangu ikipanda,
upana wa punje ya mtama.

Nikiwa njiani kurudi, Mbeho mgongoni,
nikapita dukani kwa Masaki.
Nikamwomba anipimie sukari, gramu themanini.
Akacheka: nani ananunua sukari ya kuhesabu?
Akachota, akapunguza, akaongeza kwa ncha ya kijiko.
Nikainama juu ya sahani ya mizani,
nikaitazama ile chungu ndogo, nyeupe,
jinsi ilivyokaa, jinsi ilivyokuwa kitu.

"Nikufungie?"

"Hapana," nikasema. "Iache kidogo hapo."